Mlango wa Uani wa Kompyuta

La, sikuigusa. Hata kidole sikutia. Atakayekwambia bibi kizee kachezea kompyuta ya mjukuu wake ndo mambo yakaharibika, mwambie aje hapa aniulize mie, nimtizame usoni. Ile kompyuta nlikuwa naiogopa kuliko nyoka, maana nyoka akikuona huenda zake. Nlichofanya mie ni kusema tu. Nlisema mara mbili. Mara ya kwanza nlisema mzaha, mara ya pili nlisema kwa khofu, na maneno hayo mawili yakaenda yakakutana huko ndani mie sijui.

Mie sijasoma. Skuli nliiona kwa nje, nikipita na mzigo wa kuni. Haya nayasema, mjukuu wangu anayaandika, na nimemuapisha asinitengenezee maneno. Kanijibu kwa ile sauti yake ya ofisini, mdomo kaukunja kama anopuliza chai ya moto: "Sawa bibi, nitaandika kama ulivyosema. Ila ukinisingizia nafuta." Afute.

Nyumbani tulikuwa watatu: mie, mke mwenzangu, na huyo mjukuu. Mume wetu katangulia zamani. Tulikaa eda pamoja, chumba kimoja, miezi minne na siku kumi, na mtu uliyekaa naye eda ama mnatoka mnachukiana mpaka kaburini, ama mnatoka ndugu. Sie tulitoka ndugu. Tulipotoka tukaona ujinga kuwasha moto majiko mawili, la pili tukalifugia kuku. Mjukuu ni damu ya mwenzangu, mtoto wa binti yake, lakini mgongo alobebewa ni huu wangu. Ukimuuliza bibi yako ni yupi, hukujibu, "Wote."

Mwenzangu mtu wa maneno machache. Akisema "lete," keshachoka. Mie ndo msemaji. Akija mtu kwetu, akishatoka tu, mie naanza: namuiga anavyotembea, anavyokohoa, anavyosema "mie sikai, napita tu" na huku keshakula sahani mbili. Mwenzangu hujifunika ushungi akacheka mpaka mabega yakatikisika, hatoi sauti. Miaka yote hiyo ndo ilikuwa kazi yangu, kuyatikisa yale mabega.

Sasa jicho la huyo mwenzangu. La kushoto lilianza kuingia ukungu, tukasema uzee. Tukalitia asali, tukalisomea, likazidi kufifia mpaka likazima. Tulipokwenda kituo cha afya, yule mganga akammulika kurunzi, akavuta pumzi kwa puani. Mie nikajua habari si njema, maana mtu mwenye habari njema havuti pumzi vile. Akasema, polepole, kama anohesabu mayai: "Bibi, hii ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda, hatuna la kufanya. La kulia nalo limeanza. Likiwahiwa litabaki. Madaktari wa macho wanakuja hospitali baada ya Idi. Muandikisheni. Na msichelewe, hili si jicho la kusubiri mwakani."

Tokea siku hiyo khofu ikaingia nyumbani kwetu ikakaa kama mgeni asoaga. Mwenzangu akawa usiku na mchana anajipima. Anauinua mkono wake mbele ya lile la kulia, anauhesabu vidole. Mie namuona, najitia simuoni.

Kuandikisha nlimpeleka mie, kwa sheha, mkubwa wa mtaa wetu. Palikuwa na karani, mtu mzima, miwani imemkaa kwenye ncha ya pua, na adabu zake zote. Watu wamejaa ukumbini, kila mmoja na jicho lake. Karani akauliza jina, nikataja. Akauliza shehia, nikataja. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anoomba kuingia ndani: "Na, samahani sana bi mkubwa, umri wake?"

Sasa huyu ana miaka mingapi, nani anajua? Kazaliwa mwaka wa njaa, au mwaka ulofuata. Na kwetu mtu mzima kuhesabiwa miaka yake mbele za watu ni kama kuvuliwa nguo. Nikaona mwenzangu kajikunja kwenye kanga yake. Nikasema:

"Andika msichana. Bado anasubiri posa."

Ukumbi mzima ukacheka. Mabega ya mwenzangu yakatikisika. Karani naye akatabasamu, akasubiri nimwambie umri wa kweli, mie sikumwambia, nshaanza kumuiga yule alokaa nyuma yetu na chafya zake. Na karani, kwa adabu zile zile, hakuuliza tena, maana kwetu mtu mzima haulizwi miaka mara mbili. Akaandika. Nlimuona kalamu inakwenda. Mie kusoma sijui, nikajua kaandika alichojua yeye.

Kumbe kaandika nlichosema.

Na kazi ya kuyapanga hayo majina, ya kisiwa kizima, toka Makangale mpaka huku kwetu njia ya Mtambile, alopewa ni nani? Mjukuu wetu. Kasoma mambo ya kompyuta Unguja, karudi nayo imo kwenye mkoba. Akaiweka juu ya meza ya uani, akaifungua, kioo cheusi tii, hamna picha, hamna maua, maandishi matupu yanapanda juu kama siafu ukutani. Mie nikasogeza mkeka wangu nyuma.

Kila mara ile kompyuta ikifanya kazi, kimya, kimya, halafu: ti! Na mstari mwekundu unatokea. Kimya tena. Ti! Mwengine.

Nikamuuliza, "Inaumwa?"

"Haiumwi bibi, inasema makosa. Hii programu nimeiandika mwenyewe, ina midomo miwili. Mdomo wa kwanza unatoa majina yalo sawa, yanaingia kwenye faili. Hiyo ndo orodha watu watakayopigiwa simu. Mdomo wa pili unatoa makosa, hayo hayaendi kwenye faili, yanakuja hapa kwenye kioo niyaone mimi, nimpigie sheha anitengenezee."

"Na kwa nini visitoke mdomo mmoja, kama watu?"

"Vikitoka pamoja, daktari atasoma jina la mtu, jina la mtu, halafu 'Kosa, mstari wa saba hauna shehia', halafu jina la mtu. Atamwita nani? Atasimama mlangoni aite, 'Bi Mstari wa Saba, njoo utolewe jicho'?"

Hapo nikaelewa, na mwenzangu akacheka kidogo. Maana ndo nyumba zetu zilivyo. Sinia la wali linatoka kwa mlango wa mbele kwenda barazani, limepambwa, limefunikwa kawa. Lakini kwamba nazi hazikutosha, kwamba sufuria ya pili imeshika chini, hayo yanasemwa mlango wa uani, wanawake kwa wanawake. Hujapata kuona mtu kabeba sinia akafika mbele ya wageni akasema na wali wa chini umeungua. Lakini uani lazima lisemwe, lisiposemwa uani, litajisema lenyewe barazani.

"Ndo hivyo hivyo bibi," mjukuu kafurahi. "Namba moja mlango wa mbele, namba mbili mlango wa uani. Nikitaka neno lipite uani naliandikia ile mbili. Na ule mlio nimeutia makusudi, maana nyie mnanituma, mara nitizame chungu, mara nifukuze mbuzi, lisije likatoka kosa nikapitwa."

Basi kuelewa nlielewa. Lakini khofu haina habari na kuelewa. Na ya mwenzangu ilikuwa mbaya zaidi, maana lile jicho lake moja lilikuwa halioni herufi. Yeye alikuwa anaona wekundu tu, unapanda kwenye weusi, kama damu inopanda kwenye pamba. Ti! anashtuka. Ti! tasbihi inasimama mkononi. Siku ya kwanza kauliza, "Nani huyo?" Siku ya pili kauliza, "Na huyo nani?" Nikamwambia si mtu, ni kosa la maandishi, kule Wingwi mtu kasahau nambari ya simu. Baadaye akasema, "Kila ikilia, kuna mtu kaachwa nje."

Mie nikamcheka. Mungu anisamehe. Nikaiga ile kompyuta, nikainua shingo kama kuku: "Ti! Huyu jicho lake halina shehia!" Hakucheka.

Hata alasiri moja, tuko pale uani tunachambua karafuu, mie nazichambua kwa macho, yeye kwa vidole, kompyuta ikalia mfululizo. Ti, ti, ti, ti, ti. Kioo chote kikawa chekundu. Mwenzangu akainuka, karafuu zikamwagika, akanishika mkono. Mkono wake baridi kama wa mtu alotoka kisimani.

"Mwenzangu," kasema, "mie nimo katika hao."

Khofu ikanihamia na mie. Sikwambii uwongo. Nikamgeukia mjukuu, nikamwambia kwa ukali ambao sikupata kumfanyia: "Funga huo mlango."

"Mlango gani bibi?"

"Huo wa uani wa kompyuta yako. Funga. Huyu mtu presha ya jicho itapanda mpaka kichwani, na wewe unamlilizia mauti masikioni kutwa."

"Bibi, nikifunga sitojua makosa. Na orodha ya shehia yetu bado haijaja, hao wa leo ni wa kwengine kabisa, huyu bibi mdogo hawezi kuwamo."

"Nimesema funga."

Mtoto alolelewa vizuri hambishii bibi yake mara ya tatu. Akagonga gonga pale. Akasema, "Basi kwa leo nitayatupa shimoni."

"Shimo gani tena?"

"Lipo shimo kwenye kompyuta, bibi. Lolote unalolitia humo halionekani tena. Na halijai."

Shimo lisojaa mie nalijua moja tu, na sipendi kulitaja. Lakini mwenzangu kashanishika mkono, na mie nataka kimya tu, nikasema haya, litupe huko huko.

Kukawa kimya. Jamani, kimya kile kilikuwa kitamu! Majina yanapanda meupe, mazuri, hapana ti, hapana damu. Mwenzangu akarudi kukaa. Nikampikia uji. Kesho yake kimya. Kesho kutwa kimya, na ndo siku ilofika orodha ya shehia yetu, mjukuu akaitia, ikapita bila ya kelele. Nikasema alhamdulillahi, kwetu hakuna kosa. Halafu ofisi yao ikapiga simu, mie nlisikia ile sauti ya bwana mkubwa wao, kama ngoma ilolowana: "Dada, orodha iko wapi? Magari yanasubiri, simu zianze leo!" Mtoto kakurupuka, kaituma. Alisema kwa leo tu, na ile "leo" haikufunguliwa tena. Yeye kasahau. Na mie sikumkumbusha, maana mtu hakumbushi anachokiogopa.

Simu zikaanza kulia kisiwani. Jirani wa mbele kapigiwa. Shangazi yake, muuza vitumbua, kapigiwa. Sie tukaiweka simu yetu juu ya mto, katikati ya kitanda, kama mgonjwa. Ikilia, mwenzangu anainua uso. "Haloo? Aa, umekosea namba." Anauteremsha.

Kila baada ya sala ya alfajiri anauliza neno moja, "Wamepiga?" Na mie naigeuza sauti, najifanya daktari, "Bado bibi, tunanoa visu!" Siku ya kwanza mabega yalitikisika. Siku ya tatu kidogo. Siku ya tano hakugeuka.

Mjukuu nikimuuliza, anasema, "Limo bibi, jina limo. Kama lingekuwa na kosa programu ingesema." Kisha anakwenda zake kazini. Na mie nikaamini, kwa sababu nlitaka kuamini. Nikafikiri labda wanaanza na walo mbali. Nikafikiri labda wanaanza na walo karibu. Mtu mwenye khofu hakosi sababu.

Wiki ikapita, ya pili ikaanza. Asubuhi moja nimeanika karafuu, jua limeshapanda, kuku wanatafuta kivuli. Mwenzangu katoka chumbani anapapasa ukuta. Kakaa. Nikamuwekea kikombe na birika. Akamimina chai, chai ikapita pembeni ya kikombe, ikamwagikia mapajani, wala hakupiga kelele. Akainua uso, akasema pole pole:

"Leo mbona hakukuchi?"

Jua lile, wallahi, lilikuwa linaniunguza utosi.

Nlimfuta chai kwa upindo wa kanga, nikampigia mjukuu, nikamwambia rudi na gari, sasa hivi. Njiani mwenzangu kanishika mkono, anaugeuza uso kila upande, kama mtu anotafuta dirisha.

Hospitali benchi limejaa. Wengine wameshafungwa pamba, wanachekeana. Pale mezani mama mmoja wa makamo ana karatasi za orodha. Kapitisha kidole juu mpaka chini, kageuza, kapitisha tena. "Hayumo huyu."

"Yumo," mjukuu kasema. "Orodha nimeitengeneza mimi."

"Basi ungemtia, mwanangu. Hayumo."

Mtoto akakaa sakafuni pale pale, akaitoa kompyuta mkobani, akaiweka mapajani. Nikamuona anagonga, anasita. Kanitizama, na mie nikajua kakumbuka shimo. Akalitoa lile neno la shimo, akaiendesha upya orodha ya shehia yetu.

Ti!

Moja tu. Mstari mmoja mwekundu, benchi zima wanasikiliza. Mjukuu akausoma kwa sauti kabla hajaujua unasemaje, kama alivyozoea: "Kosa. Mstari wa arubaini na tatu. Umri si nambari. Umeandikwa: msichana."

Benchi likavunjika kwa kicheko. Siwalaumu, mie ningekuwa mwao ningecheka. Mmoja akasema, "Msichana gani huyo, tumuoe!" Mwenzangu hakucheka. Mkono wake bado umo mkononi mwangu, lakini ulikuwa umekufa, hauna kushika. Alikumbuka. Alikuwapo pale kwa sheha, alisikia nlivyosema, na alicheka na yeye.

Mjukuu analia. "Ningeutoa ule mlio tu, bibi. Ningeutoa mlio nikayaacha maneno. Nimekwenda kutupa na maneno."

Daktari katoka kwa zile kelele. Mtu wa bara, mrefu, sauti laini. Kauliza kuna nini, mjukuu kaeleza huku anajifuta kamasi kwa mkono. Daktari hakusema habari ya orodha. Akamshika mwenzangu bega, akamtia ndani, na mie nyuma. Akammulika jicho la kulia. Akazima kurunzi, akawasha tena. Akamwambia fuata taa, bibi. Mwenzangu hakufuata, kwa sababu hakujua taa iko wapi.

"Tangu lini, bibi?"

"Leo," mie nikajibu.

"Si leo," mwenzangu akasema. "Siku tatu. Leo ndo limekwisha."

Daktari akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Wenye presha tuliwapasua wiki ya kwanza, bibi yangu. Tulianza nao makusudi, maana hawawezi kungoja. Ungekuwa kwenye wale, tungelishika hili jicho. Sasa limezima. Nisamehe."

Mwenzangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu alotajiwa bei. Daktari akatoka kuita mwengine.

Tukabaki wawili. Na mie, kwa khofu, mdomo wangu ukafanya kile unachokijua. Si mie, ni mdomo. Nikaivuta sauti, nikaifanya laini, ya kibara, nikasema, "Bibi yaaangu, nisameeehe," nikasubiri mabega.

Mwenzangu akautoa mkono wake kwenye wangu, akauweka mapajani pake. Akageuza uso, akaelekea pale alipodhani nimesimama, na hapakuwa ndipo. Kisha akasema maneno mengi kuliko alozoea:

"Kukuona sikuoni. Na kukusikia sitaki."